The Sandbaggers: mashushushu wa mezani

Ndege imeanguka katika Rasi ya Kola, ndani ya Muungano wa Kisovieti, ikiwa na watu wa idara ya ujasusi ya Norway. Wanorway wanawaomba Waingereza wawasaidie kuwatoa watu wao kabla Warusi hawajawafikia. Anayetakiwa kujibu yuko London, kakaa nyuma ya meza yake, na jibu lake ni hapana: taarifa hazitoshi, muda wa kupanga haupo, njia ya kutokea haijulikani. Ndivyo The Sandbaggers inavyoanza. Sehemu yote ya kwanza ni habari ya "hapana" hiyo ya kitaalamu, inavyosukumwa, inavyobembelezwa na kuzungukwa na wakubwa wenye hesabu nyingine kabisa vichwani, mpaka inaanza kuyumba. Ukiyapenda mabishano ya dakika 20 za kwanza, utazipenda sehemu zote 20. Yakikuchosha, zima runinga ukafanye mengine, kwa sababu hakuna ufukuzanaji wa magari unaokusubiri mbele.

Tamthilia hii ilitengenezwa na Yorkshire Television ya Leeds, ikaonyeshwa na ITV ya Uingereza kuanzia Septemba 1978 hadi Julai 1980. Ni misimu mitatu: 7, 6, halafu 7. Kila sehemu inakaribia dakika 50. Mtunzi wake ni Ian Mackintosh, Mskoti aliyekuwa afisa wa Jeshi la Wanamaji la Kifalme kabla ya kugeukia uandishi wa runinga. Watu wamejadili kwa miaka mingi kama aliwahi kufanya kazi ya ujasusi, na mjadala huo una ladha yake, lakini hauhitajiki ili kuielewa kazi yenyewe. Linaloonekana wazi ni kwamba huyu mtu alikijua kikao. Alijua jinsi barua inavyopanda ngazi, jinsi bosi anavyokataa jambo bila kutamka neno "hapana", na jinsi aliye chini yake anavyojifanya hakuelewa.

Anza kwa kuijua ngazi, maana bila hiyo utapotea ndani ya robo saa. Katikati yupo Neil Burnside (Roy Marsden), Mkurugenzi wa Operesheni wa idara ya ujasusi wa nje, SIS. Wenzake humwita kwa kifupi cha cheo, D-Ops. Chini yake kuna Kitengo cha Operesheni Maalumu, na wanakitengo ndio hao Sandbaggers: watu watatu kikijaa, wawili au mmoja siku mbaya. Mkuu wao, Sandbagger wa kwanza, ni Willie Caine (Ray Lonnen). Sambamba na Burnside kuna mkurugenzi mwenzake wa upande wa taarifa, D-Int. Juu yake yupo Naibu Mkuu, Matthew Peele. Juu ya Peele yupo mkuu wa idara nzima, anayeitwa C. Na idara yote hiyo inawajibika kwa Wizara ya Mambo ya Nje, ambako mlango unashikwa na Katibu Mkuu, Sir Geoffrey Wellingham. Ukivuka hapo ni Waziri, kisha Waziri Mkuu, na hao wawili husikika kuliko wanavyoonekana.

Operesheni yoyote yenye hatari lazima ipande ngazi hiyo ipate kibali, kisha kibali kishuke. Hapo ndipo tamthilia inapopata moto wake. Aliye uwanjani ana dakika, ngazi inataka saa. C yuko kwenye chakula cha mchana, Katibu Mkuu yuko kwa Waziri, Naibu Mkuu yupo ofisini lakini anataka kila kitu kwa maandishi. Burnside anajua kwamba akifuata utaratibu atachelewa, na asipoufuata atakuwa peke yake mambo yakiharibika. Mara nyingi huchagua kumruka Peele na kwenda moja kwa moja kwa Wellingham, na anaweza kufanya hivyo kwa sababu Wellingham aliwahi kuwa baba mkwe wake. Ndoa ilivunjika, lakini mazungumzo hayakuvunjika. Wanaume hawa wawili wanajuana mno kuweza kudanganyana vizuri, lakini hawaachi kujaribu, na vikao vyao vya faragha ni baadhi ya uandishi bora kabisa uliowahi kuwekwa kwenye runinga ya Uingereza.

Nje ya ngazi yupo mtu mmoja wa kumtazama kwa makini: Jeff Ross (Bob Sherman), mkuu wa kituo cha CIA mjini London. Idara ya Waingereza ni ndogo, ina bajeti nyembamba, na mengi inayoyajua inayajua kwa sababu Wamarekani wameridhia kuyagawa. Burnside anaulinda ugawaji huo kuliko anavyolinda cheo chake, na kuna nyakati anaulinda kuliko anavyowalinda watu wake. Urafiki wake na Ross ni wa kweli na wakati huohuo ni biashara. Hakuna hata mmoja kati yao anayejisumbua kuzitenganisha hizo mbili. Kila wakila pamoja, jiulize nani amekuja kuuza na nani amekuja kununua. Mara nyingi jibu hugeuka kabla sahani hazijaondolewa.

Kuna njia moja rahisi ya kuifuatilia sehemu yoyote: tafuta mapema nani mwenye mamlaka ya kuruhusu, na nani anayefichwa. Majina ya miji, ya majenerali na ya mawakala yanaweza kukupita usiharibikiwe. Hayo mawili yakikupita, dakika ya 40 utamwona mtu anageuka mwekundu kwa hasira na hutajua kwa nini.

Kuhusu uhalisia, jambo la kukumbuka ni kwamba wakati tamthilia hii inaonyeshwa, serikali ya Uingereza haikuwa ikikiri hadharani kwamba SIS ipo. Waziri Mkuu John Major ndiye aliyeitambua bungeni, mwaka 1992, na sheria yake ikapitishwa 1994. Makao makuu halisi ya miaka ile yalikuwa Century House, jengo la ofisi la kawaida kabisa huko Lambeth, ambalo mpita njia angedhani ni la kampuni ya bima. Kwa hiyo Mackintosh hakuwa na jengo la kunakili wala msemaji wa kumpigia simu. Alichofanya ni kuchukua utumishi wa umma kama ulivyo, akaupa kazi ya siri. Kuna manung'uniko ya mishahara. Kuna safari zinazohesabiwa nauli. Kuna kijana anayetaka kuacha kazi na bosi asiye na mtu wa kuziba nafasi. Ile herufi C yenyewe si ubunifu: imerithiwa kutoka kwa mkuu wa kwanza, Mansfield Cumming, aliyeanza kuitumia baada ya idara kuundwa mwaka 1909. Ray Lonnen naye aliwahi kusimulia kwamba hati moja ya msimu wa 2 ilizuiwa na wakubwa kwa sababu za usiri, na ndiyo maana msimu huo una sehemu 6 badala ya 7.

Kilichobuniwa waziwazi ni kitengo chenyewe. Kazi kubwa ya idara ya aina hii hufanywa na maafisa waliokaa vituoni ng'ambo, miaka nenda miaka rudi, wakilea mawakala mmoja mmoja. Kikosi cha watu watatu kinachorushwa kutoka London kila moto unapowaka ni chombo cha mwandishi, kimewekwa ili maamuzi yote mazito yapite mezani kwa mtu mmoja. Hatua ya busara, kwa sababu inaruhusu tamthilia ibaki ofisini bila kukosa hatari. Lakini usije ukaitumia kama somo la jinsi idara ilivyogawanywa.

Tukija kwa waigizaji, Marsden anaibeba kazi kwa utulivu. Sura yake nyembamba haisogei sana, sauti haipandi ila imepangwa ipande. Burnside hanywi pombe, hana rafiki nje ya kazi, hana nyumbani panapostahili jina hilo. Ni mtu mwenye akili kali na kiburi kinacholingana nayo, na uandishi haukuombi umpende. Anawadanganya wakubwa wake, anawadanganya vijana wake, na kila mara ana sababu safi. Caine ndiye kinyume chake. Ni mtu aliyetoka jeshini, kikosi cha miavuli, anayechukia bunduki na kuifanya kazi hii vizuri kuliko wote. Yeye ndiye wa kumwambia Burnside ukweli mlango ukishafungwa.

Lakini mtu wa kumwangalia mara ya pili ni Jerome Willis kama Peele. Kwa mara ya kwanza utamwona kama kila ofisi inavyomwona Peele wake: mtu wa kanuni, anayejisikia, anayetaka asalimiwe kwa cheo. Rudia sehemu zilezile ukiwa unajua mwisho wake na utagundua kwamba mara kadhaa Peele ndiye aliyekuwa sahihi, na Burnside alishinda tu kwa sababu ni mjanja wa kuzungumza. Richard Vernon, kama Sir James Greenley, C wa misimu miwili ya mwanzo, anaingia akionekana mzee mpole aliyepewa kiti kwa heshima. Mpe sehemu tatu. Alan MacNaughtan kama Wellingham anaweza kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa bila kikombe chake cha chai kutikisika. Diane Keen anaigiza Laura Dickens, Sandbagger wa kike wa msimu wa 1, na Elizabeth Bennett ni Diane Lawler, katibu muhtasi wa Burnside, ambaye anajua nani anapigiwa simu ya kweli na nani anapigiwa ya kumpotezea muda. Michael Cashman, anayemwigiza Sandbagger mwingine, Mike Wallace, miaka ya baadaye aliingia kwenye siasa akawa mjumbe wa Bunge la Ulaya. Baada ya vikao alivyoviona humu, huenda vile vya Brussels vilimwia vyepesi.

Kuhusu picha, usitarajie uzuri. Matukio ya ndani yalirekodiwa kwa video studio, ya nje yakapigwa kwa filamu, kama ilivyokuwa desturi ya runinga ya Uingereza wakati ule. Mtu akifungua mlango kutoka nje, picha nzima inabadilika: ndani ni kali, tambarare, imejaa mwanga; nje ina chembechembe na rangi iliyofifia. Watazamaji wapya hudhani diski ina kasoro. Haina. Na kuna faida isiyotarajiwa, kwa sababu katika tamthilia hii mgawanyo wa picha karibu unafuata mgawanyo wa siri. Yanayosemwa ofisini yana muhtasari, yana shahidi, yanaweza kunukuliwa kesho. Burnside akitaka kusema lisiloandikika, anatoka na mtu wakatembee. Baada ya sehemu tano au sita, filamu ikianza tu na makoti marefu yakionekana, unajua kuna mtu anakaribia kuuzwa.

Muziki ni wa Roy Budd, na ala inayoubeba ni simbalomu, ile ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, inayoupa mwanzo sauti ya Ulaya ya Mashariki juu ya mapigo ya jazi. Ukiisha huo, kaa ukijua kwamba ndani ya sehemu yenyewe karibu hakuna muziki. Hakuna ngoma ya kukuambia sasa ogopa. Simu inalia, mtu anaipokea, anasikiliza, anaiweka chini. Ni lazima umsome usoni, na ndiyo maana tamthilia hii haitazamwi huku unapekua simu yako. Wanaoshindwa nayo wengi wameshindwa kwa sababu hiyo tu: mazungumzo ni ya haraka, yamejaa vifupisho, na habari nzito hutajwa mara moja, kwa sauti ya kawaida, na mtu anayevaa koti.

Sehemu zipi ni bora? Msimu wa 1 utazame mfululizo, bila kuruka, kwa sababu umejengwa kama mteremko. Sehemu ya 2, "A Proper Function of Government", inauliza kama serikali inaweza kuua na ikabaki serikali, na mmoja wa wanaojadiliwa kuuawa ni rais wa nchi ya kubuni ya Afrika. Msomaji wa huku kwetu atasikia kitu kinachokwaruza: bara zima ni ramani ukutani, na mtu wa huko hana sauti katika chumba ambamo uhai wake unapimwa. Hilo ni pungufu la tamthilia, na pia ni picha sahihi ya chumba chenyewe.

Sehemu ya 7, "Special Relationship", ndiyo iliyoipa tamthilia sifa yake ya kudumu. Afisa amekamatwa Ujerumani Mashariki. Ili arudi lazima awepo mfungwa wa kubadilishana, na aliyepo wanaye Wafaransa. Wafaransa wako tayari kumtoa, ila bei yao ni kuonyeshwa yanayotoka CIA. Yaani ili kumwokoa mtu mmoja, Burnside aweke rehani kile anachoamini ndicho kinachoishikilia idara nzima. Kila mlango anaoujaribu unafungwa kwa sababu inayoeleweka. Hakuna mjinga kwenye sehemu hii, hakuna msaliti wa kumlaumu, ni hesabu tu inayokataa kutoka. Usisome muhtasari wowote wa sehemu hiyo kabla ya kuitazama, hata ule wa nyuma ya kasha la diski. Na usiitazame kwanza eti kwa kuwa inasifiwa; bila zile 6 zilizotangulia, mwisho wake ni tukio tu.

Msimu wa 2 ndio wa ofisi hasa. "Decision by Committee" inamweka Caine ndani ya ndege iliyotekwa, huku London wakijadili nani atoe amri na nani atalaumiwa akiitoa. Jina lenyewe, uamuzi wa kamati, ni tusi. "A Question of Loyalty" ni ya wale wanaopenda uchunguzi: operesheni imeharibika, afisa aliyekwenda anasema hivi, mkuu wa kituo anasema vile, na ripoti zote mbili zimeandikwa vizuri. Burnside anafanya kazi ya mkaguzi, akilinganisha saa, maneno na sifa za watu. Mwandishi asiyejiamini angetupeleka uwanjani tukaone kilichotokea. Mackintosh anatubakiza na makaratasi, na makaratasi yanatosha.

Halafu kuna "Operation Kingmaker", inayofunga msimu. Hakuna adui wa nje kabisa. C anaondoka, nafasi inakuja wazi, na anayetajwa kuichukua ni John Tower Gibbs, mtu ambaye Burnside hamtaki kwa namna yoyote. Basi Burnside anaanza kampeni ya kumpandisha Peele, bosi aliyemdharau miaka yote, kwa sababu moja: Peele anaweza kuendeshwa. Yeyote aliyewahi kukaa ofisini wakati wa uteuzi atayatambua majungu haya hatua kwa hatua. Sifa zinazotolewa zikiwa na sindano ndani. Faili linalokumbukwa ghafla. Chakula cha mchana na mtu ambaye hamjala pamoja tangu uteuzi uliopita. Hakuna anayevuta bastola, na ndiyo sehemu yenye ukatili mwingi kuliko zote katika msimu wake.

Msimu wa 3 una mshono unaoonekana. Julai 1979 ndege ndogo aliyokuwamo Mackintosh pamoja na watu wengine wawili ilipotea juu ya Ghuba ya Alaska, na mabaki yake hayajapatikana. Alikuwa ameandika misimu miwili yote na sehemu 4 za wa tatu. Zilizobaki 3 ziliandikwa na Gidley Wheeler na Arden Winch. Si mbaya, kama zingekuwa tamthilia nyingine zingesifiwa. Ila utasikia tofauti. Watu wanaeleza zaidi, wakubwa wanakuwa wabaya kirahisi zaidi, na ile hali ya kila mtu kuwa na sababu inapungua. Kuja kwa C mwingine kunasaidia kwa sababu kunamnyima Burnside mlango aliouzoea. Diane Lawler hayupo tena, na nafasi yake mezani imechukuliwa na Marianne Straker (Sue Holderness), ambaye hana muda wa kutosha kuijenga.

Kasoro nyingine zisiachwe. Wanawake ni wachache na wengi wao wako kwenye meza ya nje, wakiunganisha simu. Laura Dickens ameandikwa vizuri kuliko desturi ya wakati ule, lakini bado wanaume wanamjadili kana kwamba ni swali la mtihani. Nchi za ng'ambo zinazoonekana mara nyingi zina hewa ya England yenye mawingu na kibao cha herufi za kigeni. Mapigano machache yaliyopo hayana nguvu. Ni wazi hakuna aliyekuja kazini kwa ajili yake. Na Burnside huzungumza maneno makali kwa wakubwa ambayo katika ofisi yoyote halisi yangempa barua ya uhamisho kabla ya Ijumaa.

Sasa kuhusu kuipata na kuitazama sawasawa. Imetolewa kwa DVD Uingereza na pia Amerika Kaskazini, na hilo si jambo dogo. Diski za Uingereza ni za eneo la 2 kwa mfumo wa picha za runinga uitwao PAL, za Amerika ni za eneo la 1 kwa NTSC. Kifaa chako kisiposoma eneo la diski, hakitacheza chochote, kwa hiyo angalia alama ya eneo nyuma ya kasha kabla ya kulipa. Ukiwa na kifaa kinachosoma maeneo yote, chagua PAL: kazi yenyewe ilirekodiwa kwa mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, hivyo toleo la NTSC limegeuzwa, na ugeuzaji huo huonekana kama mkokoto mdogo mtu anapopita haraka mbele ya kamera. Network, kampuni iliyoitoa Uingereza, ilifunga shughuli mwaka 2023, kwa hiyo seti zake unazozikuta sokoni nyingi ni za mkono wa pili. Muulize muuzaji kama misimu yote mitatu imo na kama diski zimekwaruzwa. Seti yenye pengo haina maana kwa kazi inayojengana hivi. Angalia pia kama toleo unalolitaka lina manukuu ya Kiingereza. Kwa msikilizaji asiyezoea Kiingereza cha watumishi wa umma wa miaka ile, manukuu ni msaada mkubwa kuliko picha safi.

Runinga iweke kwenye umbo la 4:3 na uache mistari myeusi pembeni. Ukiivuta ijaze skrini, vichwa vinakuwa vipana, na hii ni tamthilia ya vichwa. Zima ule mpangilio wa kulainisha mwendo, kwani unafanya filamu ya nje ifanane na video ya ndani na kuua tofauti niliyoitaja. Ukitumia kompyuta, huenda ukaona vimistari kama meno ya kitana kwenye kingo za mtu anayetembea. Hiyo ni kwa sababu video ya zamani ilirekodiwa nusu picha kwa nusu picha, 50 kwa sekunde. Washa chaguo la kuondoa mistari hiyo katika programu yako, na kama lina aina kadhaa, chukua linalotoa picha 50 kwa sekunde badala ya 25. Matukio ya studio yatakuwa na uhai wake wa asili. Sauti ni ya mono na haijakuzwa, hivyo punguza besi na uongeze sauti za kati ili maneno yatoke.

Sehemu moja kwa usiku inatosha, mbili ni mwisho. Ukizidisha, vikao vinaanza kufanana na utamchoka Burnside kabla ya wakati wake. Kwa sehemu tatu za mwanzo weka karatasi kando yenye vyeo vitano: D-Ops, D-Int, Naibu Mkuu, C, Katibu Mkuu. Kuanzia ya nne hutaihitaji. Na usiwazoee sana vijana wa Kitengo. Idadi yao hubadilika.

Sehemu ya 20, "Opposite Numbers", ni ya Mackintosh mwenyewe, na ilirudi kwenye ubora wa msimu wa 1: mazungumzo ya kupunguza silaha, Mrusi anayetaka kuhama upande, na Burnside akiona nafasi ambayo wakubwa wake hawataki kuiona. Inaishia kwenye swali la uhai na kifo lililoachwa wazi, kama inavyofanywa pale msimu mwingine unapotarajiwa. Msimu wa 4 haukutengenezwa. Swali hilo limekaa bila jibu tangu Julai 28, 1980.